Canon EF 50mm f/1.8 STM kwa picha za vitu chakavu: uhakiki kutoka Nyanda za Juu Kusini

Ukimwuliza muuzaji wa kamera lenzi hii inafaa kwa kazi gani, atakuonyesha picha ya bibi harusi, nyuma yake taa zimefifia na kuwa miduara ya rangi. Hiyo ndiyo sifa iliyoiuza tangu Canon walipoitoa mwaka 2015, nayo ndiyo sifa ya kwanza ya kuachana nayo ukitaka kupiga kufuli lenye kutu, mlango uliopasuka au lori lililotelekezwa nyuma ya gereji. Lenzi yenyewe tunaipendekeza, na sababu zetu ni tofauti na zile za dukani.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo mengi yanapoamuliwa. Ina uzito wa gramu 160, filta yake ni ya milimita 49, tundu la kupitishia mwanga lina vijembe 7 vilivyopinda, na kiungio chake na kamera ni cha chuma. Ile ya kabla yake, EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, ilikuwa na kiungio cha plastiki na vijembe 5, na haikukubali kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 45. Hii inashuka hadi sentimita 35. Kumbuka umbali huo hupimwa kutoka kwenye kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, pale juu ya bodi ya kamera palipochorwa kiduara chenye mstari. Ukipima kutoka kwenye uso wa lenzi inabaki kama robo mita tu, kwa hiyo kivuli cha kichwa chako kinaweza kuangukia kitu unachokipiga.

Kamera nyingi za Canon zinazozunguka mikononi mwa watu Mbeya na Iringa, kuanzia 1300D hadi 250D, zina kihisi kidogo cha APS-C. Kwenye bodi hizo lenzi ya 50mm inaona kama 80mm kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Kwa umbali wa sentimita 35, fremu nzima inafunika eneo la sentimita 10.6 kwa 7: kufuli la kawaida na pete yake, basi. Sasa fungua tundu hadi f/1.8 (namba ndogo ya f ni tundu kubwa) kama muuzaji alivyokushauri. Sehemu iliyo kwenye fokasi ina unene wa milimita 2. Herufi za chapa zilizochongwa kwenye kufuli zitaonekana, lakini tundu la ufunguo, lililo ndani kidogo tu, halitaonekana, na kutu inayochubuka pembeni itakuwa doa la kahawia. Umesafiri kwenda kutafuta kutu, halafu umeifuta mwenyewe. Funga tundu hadi f/8 na unene unafika milimita 8. Rudi nyuma hadi nusu mita, kwa f/8 hiyohiyo, unapata sentimita 2.

Kwa hiyo lenzi hii, kwa kazi hii, ni ya f/5.6 na f/8. Ukali wake kati ya f/4 na f/8 ni wa hali ya juu kuliko bei yake inavyodai, na hapo pembe za picha nazo zinashikamana na katikati. Ukivuka f/11 kwenye kihisi kidogo picha inaanza kulegea, na f/16 iachwe kwa dharura. Chini ya f/2.8 kuna ugonjwa mwingine: michirizi ya zambarau na kijani kwenye kingo za chuma kinachong'aa, mathalani kromu ya bampa au kichwa cha skrubu kilichosuguliwa. Ukifika f/4 karibu yote imeondoka.

Faida yake kubwa ni namna inavyokubana. Kitu kikuukuu kikipigwa chote, pamoja na majani, ndoo na kamba ya nguo vilivyokizunguka, kinaonekana takataka. Kikipigwa kipande, kinaonekana kazi ya mtu aliyekitengeneza na kazi ya miaka iliyofuata. Lenzi ya 50mm kwenye APS-C inakulazimisha uchague kipande, kwa sababu kipimo cha mahali hakikuachii nafasi. Mlango wa mita mbili, kamera ikiwa wima na ukiacha ukingo kidogo, unataka urudi nyuma mita tano na nusu. Katika vichochoro vya Uhindini, Iringa, mita hizo hazipatikani bila kuingia kwenye duka la upande wa pili. Land Rover 109 nzima kwa ubavu inataka mita 12. Kwa hiyo utapiga bawaba, komeo, kona ya fremu. Ndizo picha zenyewe. (Boma la Iringa limekarabatiwa na sasa ni makumbusho. Ni jengo zuri, lakini anayetafuta milango iliyochoka atembee mitaa ya nyuma.)

Tukikaa kidogo kwenye Land Rover, maana Nyanda za Juu Kusini hazikosi mzoga wake uani mwa mtu: watu hulipiga wakitafuta kutu ubavuni, wakaikosa. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu ya kahawia. Rangi ya kijani hupauka ikawa unga, ukigusa inabaki kidoleni, na chini yake aluminiamu ni ya kijivu isiyong'aa. Chasisi, ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, bawaba na bolti ndivyo vya chuma cha kawaida, na hivyo vinaoza. Palipokutana aluminiamu na chuma hutoka unga mweupe na malengelenge chini ya rangi. Mvua inaposhuka kutoka kwenye bolti ya bawaba huacha mstari mwembamba wa kahawia juu ya kijani kilichopauka, unaonyooka hadi chini ya mlango. Huo mstari ndio picha. Weka kamera nusu mita, f/8, fremu itafunika kama sentimita 17 kwa 12, na ule unene wa sentimita 2 unatosha kushika kichwa cha bolti pamoja na bati la nyuma yake. Fokasi uiweke bega la bolti, usiiweke kwenye ncha, la sivyo nusu ya unene huo inapotea hewani mbele ya kitu. Peugeot 504 ni habari nyingine kabisa: bodi ya chuma, inaoza kuanzia chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, na kutu yake ni ya magamba.

Kabla ya kutoa hela, ipime kwanza lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera yako. Toleo la f/3.5-5.6 IS STM linakaribia kitu hadi sentimita 25 na kwa 55mm linakuza zaidi: mara 0.36 ya ukubwa halisi, wakati 50mm inaishia 0.21. Kwa kitasa, sarafu, bamba la namba ya injini au kidude chochote cha chini ya sentimita 7, lenzi ya bure inaishinda hii ya kununua. Isitoshe ina kituliza-mtikisiko, ambacho 50mm haina. Kinachoifanya 50mm istahili ni ukali wa kingo, mistari iliyonyooka (18-55 kwenye 18mm hupinda fremu za milango), na mwanga. Kati ya f/5.6 na f/1.8 kuna tofauti ya mwanga ya zaidi ya mara tisa. Lakini, kama tulivyoona, mwanga huo unalipiwa kwa unene wa fokasi. Ndiyo maana anayepiga vitu visivyotembea anunue tripodi kabla ya lenzi. Mzoga wa gari hauna haraka.

Mfano wa hesabu. Chini ya baraza yenye kivuli, f/8 na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kihisi kupokea mwanga) itataka takribani robo sekunde. Mkononi, kwa sababu lenzi haina kituliza-mtikisiko, usishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na hapo ISO inapanda hadi 3200 na chenga zinakula zile punje za kutu ulizozifuata. Ndani ya ghala lenye mlango mmoja ulio wazi huangukia karibu sekunde 2. Kwenye tripodi hilo si tatizo: washa upigaji wa kwenye skrini (Live View) ili kioo cha ndani kisipige kishindo, kuza skrini mara 10, zungusha pete ya fokasi mwenyewe, weka kipima muda cha sekunde 2, ondoa mkono. Ukipiga mlango au kibao cha duka, kihisi kiwe sambamba na uso wake. Tofauti ya nyuzi chache tu inatosha kuupeleka upande mmoja nje ya fokasi. Njia rahisi: simama ukiuona mstari wa juu na wa chini wa fremu ya mlango ukiwa sambamba na kingo za skrini, kisha usogeze tripodi nzima badala ya kuinamisha kichwa chake.

Kuhusu jua, vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, na kanuni zao hapa zinahitaji kugeuzwa. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo 45, na Mbeya iko kama 33 na nusu, kwa hiyo jua linafika kileleni kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana kutegemea mwezi. Mwezi wa Juni huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Tena kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini. Ukuta unaotazama kusini katika Juni na Julai haupati jua siku nzima. Ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga wa kukwaruza saa ya kwanza baada ya jua kutoka na saa ya mwisho kabla halijazama, yaani mwanga unaopita ubavuni mwa ukuta na kuinua kila ufa. Kuta za kusini zamu yao huja kuanzia Novemba hadi Januari, na hapo unashindana na mvua.

Wale wanaosema usipige mchana wana haki nusu. Kilele cha jua ndicho wakati mwanga unashuka ukikwaruza kuta za mashariki na magharibi kutoka juu. Mlango unaotazama magharibi huanza kuguswa na jua hapo hapo baada ya kilele, na kwa dakika kama ishirini kila kichwa cha msumari kina kivuli kirefu cha kushuka. Dakika hizo zikipita jua linaukabili mlango na mbao inaonekana bapa.

Rangi nayo isiachiwe kamera. Mpangilio wa otomatiki wa uwiano wa rangi (white balance) ukiwa kivulini hauna uhakika: mara unaacha bluu, mara unaona kutu imejaa fremu na kuipoza ukidhani ni taa ya njano. Weka mwenyewe kwa alama za jua, mawingu na kivuli: Kelvin 5200 juani, 6000 mawingu, 7000 kivulini, ambazo ndizo namba za Canon kwa alama hizo. Piga RAW, faili ghafi ambayo rangi yake hurekebishwa baadaye. Ukuta uliopakwa chokaa ukijaa fremu ongeza mwanga hatua moja (yaani mara mbili), la sivyo utatoka kijivu. Mzoga mweusi wa injini ya mashine ya kusaga, punguza hatua moja. Kutu iliyolowa ina rangi nzito kuliko kutu kavu, hivyo asubuhi ya umande au nusu saa baada ya mvua ni wakati mzuri, ila rangi ya mafuta iliyolowa inarudisha anga na kuwa nyeupe. Filta ya polaraiza ya milimita 49 inaondoa hilo. Ni ndogo, na kwa hiyo si ghali, lakini inakula kati ya hatua moja na nusu na mbili za mwanga. Tripodi tena.

Sasa udhaifu, na upo wa kutosha.

Bomba la ndani hutoka nje lenzi inapokaribia kitu, na kwenye bodi nyingi hubaki nje hata ukizima kamera. Likigongwa likiwa nje, au likisukumwa na kifuniko kwa nguvu, giya ndogo za plastiki ndani huvunjika au kuruka, na lenzi huanza kukwaruza bila kushika fokasi. Ukarabati wake haulipi. Fanya hivi: kabla ya kuzima, elekeza kamera mbali, bonyeza shata nusu ili bomba lirudi ndani, ndipo uzime. Bodi mpya zaidi zina mpangilio wa kulirudisha lenyewe, uwashe. Kisha nunua kinga ya mbele, ES-68, ambayo Canon huiuza peke yake. Inabanwa kwenye gamba la nje lisilosogea, kwa hiyo kishindo kinakwenda kwenye gamba badala ya bomba. Kwa anayeingia chini ya malori na kupita kwenye fremu za milango, hii ni lazima.

Pete ya fokasi haijaungana na vioo kimakanika, inatuma amri kwa mota. Kamera ikizima, au ikilala, pete inazunguka bure. Hilo linaleta hasara kwa wanaonunua zile pete za bei nafuu za kurefusha lenzi zisizo na vidoti vya umeme: ukishazifunga, huwezi kubadili tundu wala kugusa fokasi. Kuna ujanja wa tundu (chagua f/8, shikilia kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi kwa kamera zenye nacho, chomoa lenzi ukiwa umekishikilia, tundu litabaki f/8), na fokasi utaitafuta kwa kusogeza tripodi mbele na nyuma. Inachosha. Chukua pete zenye vidoti. Ya milimita 12 hukufikisha ukuzaji wa karibu 0.45, ya 25 karibu 0.7, na hapo hata maganda ya rangi kwenye kichwa cha skrubu yanajaza fremu.

Haina kizuizi cha vumbi wala maji, na mwanya uliozunguka bomba unavuta kila kitu. Vumbi jekundu la Chunya na unga wa mbao wa mashine za Mafinga ndivyo vibaya zaidi. Usipulize kwa mdomo, mate yanashikamana na kioo, wala usifute kwa ncha ya fulana. Tumia pampu ndogo ya mpira, kisha brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Tukuyu adui ni unyevu. Mvua za Rungwe ni miongoni mwa kubwa nchini, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi kabatini huota fangasi. Weka kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na silika jeli, na zile pakiti za kwenye maboksi ya viatu usizitegemee, mara nyingi zimeshashiba unyevu. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi tu. Asubuhi ya baridi ya Makete, Juni au Julai, ukiingia kwenye gari lenye joto acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, vinginevyo umande unaganda hata vioo vya ndani.

Ruhusa ni sehemu ya vifaa. Kitu kinachoonekana kimeachwa kina mwenyewe, na mtu mwenye kamera kubwa akizunguka mzoga wa gari anadhaniwa dalali au mnunuzi wa chuma chakavu. Anza na "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha lile gari, sinunui wala siuzi," kisha mwonyeshe picha kwenye skrini. Pasipo na mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji anamjua mwenye mali. Usifute vumbi, usisogeze kitu, na namba za gari zifichwe kabla ya kuposti kama mwenyewe hajakubali. Mabehewa na vyuma vya TAZARA vinavutia mno, reli ya kilomita 1,860 iliyokamilika 1975 ina mengi ya kuonyesha, lakini reli, madaraja, kambi na ofisi za serikali havipigwi kiholela. Omba kwa uongozi wa stesheni kwanza. Na Chunya, kwenye maeneo ya dhahabu ya zamani, usirudi kinyumenyume ukitazama skrini. Mashimo ya wachimbaji hayana uzio, na lenzi hii, kama tulivyosema, inakurudisha nyuma kila mara.

Ukinunua iliyotumika, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoipata, ifanyie haya mbele ya muuzaji. Washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya kioo huku ukitazama kwa mbele: nyuzi nyembamba zinazotawanyika ni fangasi, acha. Punje mbili tatu za vumbi hazina madhara. Funga kwenye kamera, lenga mbali kisha karibu mara kadhaa. Mota ya fokasi, STM, ina sauti ndogo ya kusaga, lakini mikwaruzo au kusita katikati ni giya. Lishike bomba likiwa nje, kwa vidole viwili tu: kucheza kidogo ni kawaida, kuinama upande mmoja si kawaida. Piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani kwa f/4, kamera ikiwa sambamba nao, ukaulinganishe ukingo wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukififia na mwingine ukisomeka, lenzi ilishaanguka. Hata yenye afya kamili haifai kulipiwa zaidi ya nusu ya bei ya mpya.

Mwenye bodi ya EOS R, zile kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani, anaweza kuivaa kwa adapta, ila kwake tungesema achukue RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020. Inakaribia hadi sentimita 30, inakuza mara 0.25, na filta yake ni ya milimita 43, kwa hiyo polaraiza ya 49 haitaingia bila pete ya kubadilishia.